Nyumba Iliyoanza na Kivuli

Kabla hajanipeleka kiwanjani, Bibi alinionyesha kitambaa. Kilifumwa kwa mkono na mama yake mzazi, kirefu kuliko mtu mzima, na kwa miaka kumi na miwili kilikuwa kimetundikwa sebuleni katika nyumba yao ya zamani, mkabala na dirisha kubwa. Mbele kilikuwa na rangi ya majani makavu. Akakigeuza. Nyuma kulikuwa na damu ya mzee iliyokolea, samawati nzito, na uzi wa manjano ambao mbele ulikuwa umepotea kabisa, kana kwamba haukuwahi kufumwa.

“Mwanangu,” akaniambia, “kitambaa changu ni hiki cha nyuma. Cha mbele jua limeshakila.”

Mwanawe na mkwewe walikuwa wameniita niwasanifie nyumba ya kifahari ya familia: wao wawili, watoto watatu, Bibi, na kazi za sanaa walizoanza kukusanya kabla hawajaoana. Michoro ya wino kwenye karatasi, picha za rangi ya mafuta, vinyago, vyungu, vitambaa. Walitaka nyumba ambayo sanaa itaishi ndani yake kama mwanafamilia, na walitaka isiwe mzigo kwa mazingira. Nilikubali bila kujiuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi. Kichwani mwangu yalikuwa mambo ya mwishoni: nyumba isimame kwanza, kisha paneli za sola zipande juu ya paa na picha zipande ukutani.

Ramani ya kwanza niliichora kwa wiki tatu, na mpaka leo ninayo. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko unaotazama bonde upande wa magharibi, na bonde lenyewe lilikuwa zuri mno hata sikufikiria kitu kingine. Nikachora sebule yenye ukuta wa kioo wa mita kumi na nne, kutoka sakafuni hadi darini. Nyuma ya sebule, ukuta mweupe mrefu wa kutundikia picha. Vyumba sita vya kulala, kila kimoja na bafu lake, ukumbi wa kutazamia filamu, chumba cha mazoezi. Jumla mita za mraba 620. Paa nikalijaza paneli. Mume alifurahi, mke alifurahi. Bibi aliuliza swali moja tu: “Na kitambaa changu kitakaa wapi?” Nikamwonyesha ule ukuta mweupe, katikati kabisa, mahali pa heshima. Akautazama ukuta, akatazama kioo kilichoelekeana nao, akanyamaza.

Ukimya wake ulinirudisha mezani. Nikatengeneza kielelezo cha nyumba kwa kadibodi, sentimita mbili kwa kila mita, nikakiweka juani saa kumi alasiri nikiwa nimekielekeza kama nyumba itakavyokaa. Nililala kifudifudi nikachungulia ndani. Jua la saa hizo limeshashuka, haliji kutoka juu, linakuja kutoka mbele kama mtu anayeingia mlangoni, na upenu hata utokeze mita mbili haulizuii. Mwanga ulivuka sakafu yote ya sebule, ukapanda ule ukuta mweupe, ukatua pale hasa nilipokuwa nimechora kitambaa cha Bibi. Nilikuwa nimeijenga upya nyumba yao ya zamani, kubwa zaidi.

Nikaenda kuzungumza na mtaalamu wa kuhifadhi kazi za sanaa aliyefanya kazi kwenye makumbusho miaka mingi. Alinifundisha kwa saa mbili mambo ambayo ningepaswa kuyajua siku nyingi. Mwanga unaotua juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Makumbusho mengi huweka vitambaa na kazi za karatasi kwenye mwanga wa luksi 50 hivi, na picha za rangi ya mafuta kwenye luksi 200. Jua kali la mchana nje linafika luksi 100,000. Madhara ya mwanga hujumlishwa, akasema: saa moja chini ya luksi 500 inakula sawa na saa kumi chini ya luksi 50, na rangi iliyokwenda hairudi. Miale ya urujuanimno ndiyo mikali zaidi, na kuna vioo vinavyoweza kuichuja sehemu kubwa, lakini hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao hula, polepole.

Nikamweleza pia kwamba vinyago vyao viwili vilikuwa vimeanza kupasuka. Hakuuliza ni vya mti gani. Aliuliza kiyoyozi huwashwa saa ngapi. Jioni tu, nikajibu, watu wanaporudi kazini. Akatikisa kichwa. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, zinavimba na kusinyaa, na kinachozichosha zaidi ni kupandishwa na kushushwa kila siku.

Usiku ule nilichukua karatasi mbili. Kwenye moja nikaandika kila kitu ambacho kazi zao za sanaa zilihitaji: jua lisizipige moja kwa moja, joto lisipande na kushuka kwa ghafla, unyevu usiyumbe, vumbi na moshi visikae. Kwenye ya pili nikaandika nyumba isiyokula umeme mwingi inahitaji nini: jua lisiingie kupitia vioo, kuta ziwe nzito ili joto lichelewe, hewa ipite yenyewe, kuta zinywe unyevu na kuutoa. Nikaziweka karatasi sambamba. Zilikuwa zinaomba kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kivuli.

Tangu hapo sikuchora tena kwa kuanza na mandhari. Nilianza kwa kupanga giza.

Nikarudi kwenye nyumba nilizozipenda nikiwa mwanafunzi, safari hii nikizisoma kwa jicho hilo. Msanifu Luis Barragán alijijengea nyumba Mexico City mwaka 1948, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Kwa nje ni ukuta wa kawaida wa mtaani. Ndani, mwanga hautiririki ovyo. Hugonga kwanza ukuta wenye rangi ndipo umfikie mtu. Chumba cha wageni kina dirisha la vibao vinne vya mbao, na ukivifungua kidogo tu, mwanga unachora msalaba. Nyumba nyingine ni ile ambayo Geoffrey Bawa alimsanifia msanii wa batiki, Ena de Silva, jijini Colombo, Sri Lanka, mwanzoni mwa miaka ya 1960: paa pana la vigae, ua wenye miti katikati, vyumba vinavyopumulia uani badala ya barabarani. Kiwanja kilipouzwa miaka mingi baadaye, nyumba ile ilifunguliwa kipande kwa kipande ikaenda kujengwa upya Lunuganga, shamba lililokuwa la Bawa mwenyewe. Hilo lilinikaa moyoni kuliko picha zake zote. Ukiijenga nyumba kwa vipande ambavyo mtu anaweza kuvifungua, umewaachia wajukuu kitu cha kutumia hata wasipoitaka nyumba yenyewe.

Ramani ya pili ilikuwa na ua katikati. Baraza inauzunguka pande zote, na nyuma ya baraza kuna ujia mpana unaoelekea vyumbani. Ujia huo ndio uliokuwa nyumba ya karatasi na vitambaa, kwa sababu mwanga unaoufikia umeshagonga sakafu ya ua, ukagonga dari ya baraza, ukapoa. Picha za mafuta zilikaa kwenye chumba cha kulia, panapoingia mwanga zaidi kidogo. Vyungu na kazi za mawe zilikaa barazani, kwa kuwa haviogopi. Kila kazi ilipata chumba kwa jinsi inavyostahimili jua, na watu nao wakapangwa hivyohivyo: wanaoamka mapema upande wa mashariki, wanaochelewa upande wa kivuli.

Sehemu iliyoniogopesha ilikuwa ukubwa. Nyumba ya mita za mraba 620 haiwezi kuitwa rafiki wa mazingira kwa sababu tu ina paneli, na nilijua nisiposema nitakuwa nawadanganya. Mume alinijibu waziwazi: “Watu watasema tumeshindwa, tumejenga nyumba ndogo.” Sikubishana naye. Nikaomba tutembee pamoja kwenye nyumba yao ya zamani, chumba kwa chumba, na kila mlangoni niliuliza ni lini mara ya mwisho mtu aliketi humo. Chumba cha mazoezi kilikuwa kimejaa masanduku. Ukumbi wa filamu waliokuwa nao tayari ulikuwa umetumika mara mbili mwaka ule, na watoto walikuwa wanatazama filamu kitandani kwa Bibi. Tulipofika kwenye chumba cha tatu kilichofungwa, mke alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, “Tukate.” Tulishuka hadi mita za mraba 430. Eneo ambalo halijengwi halihitaji zege, halipozwi, halifagiliwi. Fedha zilizookolewa tulizihamishia kwa watu: mfinyanzi, maseremala wawili, mchongaji wa mawe, fundi wa chokaa. Nikiulizwa anasa ya nyumba ile iko wapi, nitaonyesha kazi ya mikono yao.

Ukabaki ukuta wa magharibi.

Hapo ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo ninapopapenda kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kujenga. Tulitaka upepo wa bonde uingie, jua lake libaki nje, na jicho liweze kutoka. Kwa kawaida msanii huitwa nyumba ikishapakwa rangi, aje apambe. Safari hii nilimwita mfinyanzi kabla msingi haujachimbwa. Alifika, nikamtandazia ramani, hakuitazama. Alikwenda kwenye shimo tulilochimba kupima udongo, akachukua donge, akalilowesha, akaliviringisha hadi likawa uzi, akauzungusha kwenye kidole. “Unanata mno,” akasema, “lakini ukitiwa mchanga unafaa. Ukuta wako umeshalala hapa chini.”

Wazo lilikuwa mirija mifupi ya udongo wa kuchomwa, imelazwa mmoja juu ya mwingine kama sega la nyuki. Hesabu yake ni rahisi: mrija ukiwa na urefu mara mbili ya upana wa tundu lake, jua likiwa juu ya nyuzi 27 hivi haliwezi kuupita moja kwa moja. Likishuka chini ya hapo linapita, na kwa ukuta wa magharibi hizo ndizo saa za mwisho za mchana. Nilikuwa nakuna kichwa juu ya saa hizo wakati fundi mkuu, mzee aliyekuwa akitusikiliza huku akinoa mwiko wake, aliuliza: “Na mvua je?” Akauchukua mrija wa mfano mkononi mwangu, akauinua upande wa ndani juu kidogo. “Ukikaa hivi, maji yanarudi nje.”

Nikauchungulia mrija ule alivyoushika. Ukiwa umeinama kuelekea nje, jua linaloshuka linagonga sakafu yake na kuishia hapo hata likiwa chini sana. Mvua inarudi. Na mtu aliye ndani haoni anga linalochoma macho. Jicho lake linateleza kwenye mrija hadi kwenye bonde lenyewe, kwenye miti na maji. Mwelekeo mmoja wa mkono wa yule mzee ulitatua mambo matatu niliyokuwa nimeyapa karatasi tatu tofauti. Nilimwambia, “Mzee wangu, hii nyumba sasa ni yako.” Akaendelea kunoa mwiko.

Kundi la kwanza la mirija, kama mia mbili, lilitoka tanuruni likiwa dogo. Nilikuwa nimechora kipenyo cha sentimita 20, nikapewa 18. Udongo hupungua ukikauka, hupungua tena ukichomwa, na udongo ule ulipungua sehemu moja ya kumi. Nilitaka tuongeze ukubwa wa kalibu. Mfinyanzi alikataa, kwa kuwa kwa ukubwa ule ndipo mirija ilitoka bila kupinda. “Usishindane na udongo,” akaniambia. “Badili karatasi.” Nikabadili. Sentimita 18 zikawa kipimo cha nyumba nzima: upana wa madirisha, nafasi kati ya nguzo, urefu wa rafu, hata vipandio vya ngazi, maana sentimita 18 ni kipandio kinachokubalika. Watu wanaoingia mle husema vitu vyote vinaonekana kuwa ndugu. Sababu yake ni tanuru lile.

Rangi ndizo zilizokamilisha ukuta. Ndani ya kila mrija mfinyanzi alipaka rangi ya kioo, ile inayoyeyuka tanuruni na kuganda kama gilasi. Rangi za namna hiyo hutokana na madini na jua haliwezi kuzifanya lolote. Aliomba kitambaa cha Bibi, akakitandika kifudifudi, akahesabu nyuzi za upande wa nyuma. Kisha akaipanga mirija kwa mpangilio uleule: damu ya mzee, samawati, manjano. Mchana ukuta unaonekana wa udongo mtupu. Jua likishuka sana, mwanga unagusa midomo ya mirija na rangi zinamwagika sakafuni, kitambaa kizima, kile cha nyuma. Sanaa inayoogopa jua tuliificha kivulini, na sanaa isiyoliogopa tuliisimamisha juani ifanye kazi ya kuilinda mwenzake.

Mume alikuwa na ombi moja: alitaka aone jua likizama, lote, bila tundu. Tukaacha dirisha moja katikati ya ukuta, na kwa nje tukalifunga kwa mbao zinazokunjuka. Ni muhimu sana kwamba ziko nje. Pazia la ndani hupendeza lakini joto lililokwisha kuvuka kioo limeshaingia nyumbani. Kazi ya kuzifungua mbao hizo dakika chache kabla ya magharibi ilichukuliwa na mtoto wa kati bila kuagizwa na mtu.

Kuta nyingine hatukuzichoma. Tanuru hula kuni au gesi, na hatukutaka kutumia moto mahali ambapo udongo mbichi ulioshindiliwa ungetosha. Matofali yalitengenezwa palepale kiwanjani kwa mashine ya mkono, kuta zikawa na unene wa sentimita 40, zikalindwa na msingi wa mawe ulioinuka na upenu mpana. Zege tulilitumia pale tu ambapo hapakuwa na namna nyingine. Saruji huanzia kwenye tanuru la joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa takribani asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sikuweza kuimwaga kama maji halafu niandike neno mazingira kwenye ramani.

Ni saruji hiyohiyo iliyotuletea balaa. Nilisafiri kwa wiki mbili, na kundi la mafundi wapya likapiga lipu ya saruji kwenye ujia wote, kwa nia njema kabisa, ili kazi iende haraka. Iling'aa, ikanyooka, nami niliporudi nikaona uvivu kuibomoa. Hilo ni kosa langu, halikuwa lao. Baada ya miezi mitatu nyufa nyembamba zikatokea, kisha madoa ya unyevu, kisha lipu ikaanza kuachana na ukuta kwa vipande vikubwa kama sahani. Ukuta wa udongo unapumua na kujongea kidogo. Lipu ngumu haipumui wala haijongei, inafungia maji ndani. Tuliibandua yote na kuanza upya kwa chokaa na mchanga, matabaka matatu, kila tabaka likisubiriwa siku nyingi kabla ya lingine. Chokaa huchomwa kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 900, na inapokuwa ngumu ukutani hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ukaa iliyoitoa. Zaidi ya hayo hunywa unyevu wa hewa na kuuachia taratibu. Vinyago havijapasuka tena tangu vihamie mle. Bafuni fundi wa chokaa alitumia ufundi wa Marrakech uitwao tadelakt: unaisugua chokaa kwa jiwe laini na sabuni hadi uso wake ufunge na kuzuia maji, bila kigae hata kimoja.

Kuhusu umeme na maji nitasema kifupi, kwa sababu vivuli vilikuwa vimeshafanya kazi kubwa. Kiyoyozi kilihitajika kwenye vyumba viwili tu, na idadi ya paneli ikashuka chini ya nusu ya nilizochora mwanzo. Tuliziinua kutoka kwenye paa ili hewa ipite chini yake, kwa maana paneli nyingi hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Paa lenyewe lina matabaka mawili, jambo nililojifunza kwa msanifu Francis Kéré, ambaye kwenye shule ya Gando, Burkina Faso, aliyoikamilisha mwaka 2001, aliinua bati juu ya dari ya udongo ili upepo ubebe joto kabla halijashuka kwa watoto. Na shimo tulilochimba udongo wa matofali likawa birika chini ya ua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 kwenye paa letu la mita 380 huleta lita 7,600, ukiondoa za kwanza zinazoosha vumbi ambazo tunazimwaga bustanini. Mchongaji wa mawe alitengeneza bakuli ambalo maji hutua kabla ya kuingia birikani. Mvua ikinyesha, hakuna anayebaki chumbani.

Nilijifunza pia kuuliza wasioulizwa. Katikati ya miaka ya 1940, karibu na Luxor, Misri, msanifu Hassan Fathy alianza kujenga kijiji cha Gourna Mpya kwa matofali ya udongo, kuba na nyua za kupendeza ambazo wasanifu tunazisoma hadi leo. Wengi wa watu waliojengewa hawakutaka kuhamia. Kisa hicho kilikuwa kikinisumbua, basi nikaketi na watoto mmojammoja. Mkubwa alitaka mahali ambapo mtu hawezi kumwona kutoka mlangoni. Wa kati aliomba kufungua kitu chenye bawaba. Mdogo alitaka ukuta wa kuchora ambao hatagombezwa. Tulimpa mita nne za ukuta wa uani. Kila mwaka hupakwa chokaa upya, na kabla ya kupakwa Bibi huketi mbele yake kwa muda na kuuliza kila mchoro unamaanisha nini.

Si kila kitu kilikaa sawa. Mirija inashika vumbi, na kuisafisha ni kazi ya watu wawili kwa siku nzima. Ningepaswa kuacha njia ya kusimama nyuma yake. Nyuki walihamia kwenye kona ya juu. Dirisha la paa juu ya ngazi lilivuja msimu wa kwanza kwa sababu nilimbishia fundi mkuu kuhusu bati la pembeni, naye ndiye aliyekuwa na haki. Hata nyumba mashuhuri kama Fallingwater, ambayo Frank Lloyd Wright aliisanifu miaka ya 1930 huko Pennsylvania, sakafu zake zilizotokeza juu ya maporomoko ziliinama hadi zikaimarishwa kwa nyaya za chuma mwaka 2002. Nyumba yoyote inayofanya jambo gumu inahitaji mtu wa kuiangalia. Kwa hiyo siku ya kukabidhi funguo niliwapa na daftari: mifereji isafishwe lini, chokaa ichanganywe vipi, kitambaa kipi kipumzike mwezi gani, na namba ya kila boriti ili siku moja ziweze kufunguliwa.

Kosa lililonichoma zaidi lilihusu macho ya Bibi. Nilikuwa nimeupima ujia kwa kifaa, luksi 50 barabara, nikajivunia. Bibi alipita mle kwa kupapasa ukuta. Macho ya mzee yanahitaji mwanga mwingi zaidi, na mimi nilikuwa nimekitunza kitambaa chake dhidi yake mwenyewe. Tulirekebisha kwa taa ndogo za chini zinazomulika sakafu tu, na mbele ya kitambaa tukaweka taa moja yenye kitufe, ambayo hujizima baada ya dakika tano.

Nilikwenda kuwatembelea mwaka jana. Kitambaa kimetundikwa upande wa nyuma ukitazama watu. Kinakaa ukutani miezi minne, kisha kinalazwa sandukuni na kingine kinachukua zamu. Bibi alinishika mkono akanipeleka, akabonyeza kitufe mwenyewe. Tulisimama bila kusema neno. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo mama yake alikosea hesabu ya nyuzi akaendelea tu kufuma, na jinsi mfinyanzi alivyolinakili kosa hilo kwenye ukuta wa mirija, safu ya kumi na moja. Taa ikazima. Niliinua mkono niiwashe tena, akauzuia.

“Acha,” akasema. “Kwa leo tumekiona.”